Msimu wa Shira Shambani kwa Wifi

Jumatano, 12 Februari

Nuhaa ametangaza leo mezani kwamba kuanzia muhula ujao anataka kusomeshwa na shangazi yake Basimah, si na mimi. Ametoa sababu moja: "Kwa shangazi, vitu vipo." Hanif, baba yake, ameweka uma chini akasema jambo hili litaamuliwa kwa mashauriano ya nyumbani baada ya Idi. Mimi nimeuliza kama kuna anayetaka supu zaidi. Hakuna aliyetaka.

Nuhaa ana miaka kumi na mmoja. Nimemsomesha hapa hapa, kwenye meza ya jikoni, mjini Ypsilanti, tangu alipojua kushika penseli. Basimah ni dada mkubwa wa Hanif. Alirithi shamba la baba yao, lililo mwendo wa dakika arobaini kwa gari, na kila Jumatano huchukua watoto saba wa msikiti wetu wanaosomea nyumbani akaenda nao msituni. Hajawahi kuwa na mtoto wala daftari la masomo. Ana buti.

Jumamosi, 15 Februari

Baridi kali. Nimefundisha uwiano. Nuhaa alichora bundi pembezoni mwa ukurasa.

Jumatano, 19 Februari

Kugema kumeanza. Usiku maji yanaganda, mchana jua linatoa jasho kwenye theluji, na kwa hali hiyo utomvu hupanda ndani ya miti ya sukari, nao ndio huchemshwa kuwa shira. Leo nilibaki shambani badala ya kumwacha Nuhaa na kurudi. Simu zote huwekwa kwenye kikapu langoni. Basimah alikuwa na keekee ya mkono ya kutobolea miti, watoto wakiwa nyuma yake kama vifaranga.

"Wifi, shika ndoo," aliniambia. "Hapa hatuna viti vya wageni."

"Sikuomba kiti."

"Uso wako umeomba."

Watoto walicheka. Nuhaa pia. Alitoboa mti wa nne peke yake, akagonga mrija wa chuma, akatundika ndoo, na tone la kwanza lilipolia kwenye bati alitafuta uso wa mtu wa kumwonyesha. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Alimtazama Basimah.

Zubaydah, mama wa mapacha, alimsifu Basimah njia nzima ya kurudi kwenye magari: mikono yake, subira yake, sauti yake ambayo haipandi. Nilikumbuka kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali ni ya tembo, lakini nadhani inamfaa hata mgema wa shira.

Alhamisi, 20 Februari

Nuhaa amenieleza, bila kuulizwa, kwamba ndoo arobaini za utomvu hutoa ndoo moja ya shira, kwa hiyo mti uliotoa ndoo mbili na nusu umetoa sehemu moja ya kumi na sita ya ndoo. Alikuwa anapaka siagi kwenye mkate.

Uwiano nimeufundisha wiki tatu.

Jumatatu, 24 Februari

Theluji.

Jumatano, 26 Februari

Tangu Januari Basimah amekuwa akiwapandisha watoto kilimani kila Jumatano kuangalia jua linavyozama na kuandika wakati wake. Kwa siku za katikati wamekisia, na kwa siku zijazo wameongeza dakika moja na ushee kila siku. Leo wamemaliza. Ratiba ya magharibi ya Ramadhani nzima, kwa rangi ya maji, imebandikwa ndani ya mlango wa banda la kuchemshia. Nuhaa ndiye aliyeandika tarakimu.

"Mwaka huu tutafuturu kwa jua letu wenyewe," Basimah alisema. "Ratiba ya msikiti ibaki msikitini."

Wazazi walipiga makofi. Mimi pia nilipiga. Nimeilinganisha na ratiba ya msikiti kwenye simu yangu nilipofika garini, nikitafuta kosa. Wiki ya kwanza tofauti ni dakika moja.

Ijumaa, 28 Februari

Mwezi umeandama. Hanif ameleta habari kutoka msikitini. Nuhaa amesema mwaka huu atafunga zote, hata moja haitapotea, na amemwomba Mungu kwa sauti ili sote tuwe mashahidi. Mwaka jana alifunga tisa.

Jumamosi, 1 Machi

Funga ya kwanza. Nuhaa ameimaliza. Saa tisa alikuwa amelala sakafuni karibu na jokofu kwa sababu, alisema, pana sauti nzuri.

Jumatano, 5 Machi

Tumegombana mbele ya watoto, mimi na Basimah, kwa adabu.

Shira ilikuwa karibu kuiva. Basimah alichota kwa upawa, akauinamisha, matone yakaungana na kuanguka kama pazia. Akamwambia Nuhaa mpishi aliyefunga anaweza kugusisha ulimi kidogo ajue kama imeiva, kisha ateme.

"Kipimajoto kipo," nilisema.

"Kipimajoto hakijui utamu, wifi."

"Lakini kinajua kuiva. Ndicho unachotaka kujua."

"Haya. Mama wa watu kasema." Alinitolea tabasamu alilorithi kwa mama mkwe wangu, Mungu amrehemu. Hanif hana tabasamu hilo.

Nuhaa aliushika upawa, akatutazama sote wawili. Kisha akauliza: "Shangazi, inafaa kweli?"

Mimi nimemfundisha nguzo tano, udhu, na jinsi ya kutamka herufi ayn. Swali la fikihi amempelekea mwenye keekee.

"Inafaa," Basimah alijibu, "ila si lazima."

"Basi sionji. Nisije nikameza." Akaurudisha upawa.

Njiani nyumbani nilimwambia amefanya vizuri. Alisema anajua.

Ijumaa, 7 Machi

Hanif ameniuliza kama ninamwonea dada yake husuda. Nimemwambia husuda ni kutaka cha mwenzio kimtoke. Mimi sitaki chake kimtoke. Nataka changu kirudi. Amesema hiyo ni husuda yenye wakili.

Jumapili, 9 Machi

Saa zimesogezwa mbele kwa saa moja, kama ilivyo desturi ya huku kila Machi. Nimerekebisha ya jikoni, ya gari na ya mkononi ya Nuhaa alipokuwa bado amelala baada ya alfajiri.

Jumatatu, 10 Machi

Funga ya kumi. Joto limepanda. Basimah amepiga simu kusema utomvu unatiririka na anahitaji mikono. Alimtaka Nuhaa azungumze naye. Wamezungumza kuhusu kigong'ota.

Jumatano, 12 Machi

Naandika kwa mpangilio wa matukio.

Saa tano asubuhi nilimwacha Nuhaa shambani. Tulikubaliana abaki mpaka baada ya magharibi kwa sababu ndoo zilikuwa zimejaa na sufuria kubwa isingezimwa. Mapacha wa Zubaydah pia wangebaki. Wanne wengine waliondoka saa kumi. Tangu adhuhuri ilikuwa inaanguka theluji ya maji.

Nilirudi saa moja kasoro dakika kumi, nikiwa na tende kwenye mfuko wa koti na bado nimefunga. Mbingu zilikuwa za kijivu, lakini mwanga ulikuwepo. Niliona nyayo za sungura njia nzima kutoka langoni bila kuwasha taa.

Ndani ya banda hukuweza kuona ukuta wa pili kwa mvuke. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa gunia, taa ya mafuta inaning'inia. Watoto watatu walikaa kwenye magogo, kila mmoja na bakuli.

"Karibu futari, wifi," Basimah alisema. "Umechelewa. Dengu zimebaki za kulamba."

"Mmefuturu?"

"Alhamdulillahi. Kwa ratiba ya watoto, dakika kwa dakika. Nuhaa ametuhesabia kwa saa yake."

Nilifungua mlango wote nikauacha wazi.

"Mama, baridi!" Nuhaa alisema.

"Njoo uangalie."

Alikuja na kijiko mkononi. Mapacha wakamfuata. Mmoja wao akasema, "Mbona kumekucha tena?"

Basimah alikuja wa mwisho. Aliangalia mbingu. Akaushika mkono wa Nuhaa akaangalia saa, akageuka akaangalia ratiba mlangoni, kisha mbingu tena. Saa ilisema kumi na mbili na dakika hamsini na mbili. Ratiba ilisema magharibi ni saa kumi na mbili na dakika thelathini na sita. Ratiba ilikuwa sahihi kwa saa za zamani. Jua lilikuwa limebakiza zaidi ya nusu saa.

"Temeni," alisema.

Walitema kwenye theluji, wote watatu, na yeye. Kisha akachuchumaa mpaka macho yake yakalingana na yao.

"Sikilizeni. Kosa ni langu. Ninyi mmehesabu sawasawa. Saa zilisogezwa Jumapili, na humu ndani mtu mzima nilikuwa mimi. Nimewafundisha miezi miwili kutazama jua, na leo, siku lilipohitajika, nimetazama saa. Sikutoka hata nje ya mlango. Nisameheni."

Mapacha walisema wamemsamehe. Wana miaka tisa na walikuwa wameshiba.

Nuhaa hakulia. Alisema, "Hii ilikuwa ya kumi na mbili." Halafu akasema, "Nilikuamini, shangazi."

Nilihisi joto kifuani, na jiko lilikuwa mbali nami. Nililitambua mara moja. Ilikuwa furaha. Naliandika neno hilo kwa sababu ndilo lililotokea.

Ndipo tukasikia harufu. Hakuna aliyekuwa ameiangalia sufuria. Basimah alikimbia, akavuta kuni, akamwaga ndoo nzima ya utomvu mbichi, lakini chini shira ilikuwa imeshakuwa nyeusi kama lami. Kazi ya siku mbili. Alisimama akiitazama, upawa mkononi.

Tulikaa tukisubiri. Bakuli zilifunikwa. Magharibi ya kweli iliingia saa moja na dakika thelathini na sita. Nilifungua kwa tende yangu. Nuhaa alikataa kula kitu chochote mpaka tulipofika nyumbani.

Ndani ya gari alisema: "Jumatano ijayo siendi."

Nilisema sawa.

Alhamisi, 13 Machi

Imamu amesema, kupitia Hanif, kwamba Basimah atailipa siku hiyo baada ya Ramadhani. Watoto hawalazimiki. Nuhaa amesema yeye atalipa, alazimike asilazimike. Hanif alijaribu kutania: "Kumbe dada yangu naye hukosea." Hakuna aliyecheka.

Jambo moja zaidi. Nuhaa alipoivaa saa ile Jumapili ilikuwa imeshasogezwa. Niliisogeza mimi. Ningeiacha ilivyokuwa, ingekubaliana na ratiba na wangefuturu kwa wakati. Sijamwambia mtu.

Jumamosi, 15 Machi

Nimelala vizuri siku mbili mfululizo.

Jumatano, 19 Machi

Nuhaa hakwenda. Nimempeleka mimi kwenye bustani ya mji iliyo kando ya mto, na kitabu cha ndege nilichonunua jana.

"Yule ni kigong'ota," nilimwambia.

"Mama, huyo yuko chini anakula mkate."

"Vigong'ota hawali mkate?"

"Huyo ni bata."

Ilikuwa mbali, na jua lilikuwa machoni. Tulitembea mpaka daraja la pili. Nilimsomea ukurasa kuhusu kuhama kwa ndege. Alisikiliza kwa heshima, kama anavyomsikiliza daktari wa meno. Tuliporudi alifanya hesabu zake zote bila kosa, bila kuchora chochote pembezoni, akauliza kama anaweza kwenda kulala.

Nimepata nilichotaka tangu Februari. Amekaa mezani kwangu. Ni kama kupewa kiti ambacho mwenyewe ametoka kwenda kunawa mikono.

Jumamosi, 22 Machi

Zubaydah amepiga simu. Anasema wazazi watatu wamepoteza imani na Basimah. "Mtu anayetufuturishia watoto mchana, dada Rashidah! Wewe ndiye mwenye mpangilio. Ungeanzisha darasa lako, tungekufuata kesho."

Nimeuliza watatu ni nani. Alitaja mmoja, kisha akataja jina lake mwenyewe, kisha akasema wa tatu anajulikana.

Nimesema nitafikiri. Nimefikiri mpaka alasiri, na nimeona lile darasa zima: meza, ubao, watoto saba, mimi. Sikuona sababu ya mtoto yeyote kukimbia kuingia.

Jumanne, 25 Machi

Nimekwenda shambani kuchukua buti za Nuhaa. Hiyo ndiyo sababu niliyompa Hanif.

Basimah alikuwa peke yake bandani, amepiga magoti, anaisugua ile sufuria kwa mchanga. Weusi ulikuwa bado haujatoka wote. Ratiba ya watoto ilikuwa pale pale mlangoni. Alikuwa ameongeza mstari mmoja kwa mwandiko wake juu kabisa: *Kwanza toka nje.*

"Buti ziko nyuma ya kuni," alisema bila kugeuka. "Anaendeleaje?"

"Anafunga. Hajakosa hata moja. Ukiacha ile."

"Ukiacha ile," alikubali.

Niliokota buti. Sikuondoka. Nilimwambia kwamba saa niliisogeza mimi.

Aligeuka. Mchanga ulikuwa ukidondoka vidoleni. Halafu alicheka mpaka akashika ubavu. "Kwa hiyo sisi tumekula mchana wa Ramadhani kwa sababu ya unadhifu wako?"

"Nilirekebisha na ya gari."

"Bila shaka! Wifi, siku ya kiyama utafika na mizani yako mwenyewe." Alijifuta macho kwa kiwiko. "Usinibebee. Wewe hukuwa humu. Mimi nilikuwa humu."

Nilimuuliza kwa nini hajanipigia simu wiki hizi mbili, wala kumpigia Nuhaa.

"Nipige niseme nini? Nirudishie mtoto? Si wangu." Alisugua kidogo. "Unajua Jumatano zinavyokwisha hapa? Magari yanageuza pale langoni, taa nyekundu, mnaondoka nao. Mimi nabaki na ndoo. Wewe unadhani nakushinda. Mimi nakuonea wivu tangu harusi yako."

"Harusi yangu?"

"Kabla hujaja, Hanif alikuwa akitoka swala ya Ijumaa ananiletea pai ya maharage, ile tamu inayouzwa mlangoni msikitini, kila Ijumaa, miaka sita. Ijumaa baada ya harusi nilikaa dirishani kama mjinga. Pai ikaenda kwako."

"Mimi sipendi pai ya maharage."

"Najua!" alipaza sauti, na ndiyo mara ya pekee niliyowahi kumsikia akiipaza. "Ndiyo maana sijakusamehe!"

Nilivua koti nikapiga magoti upande wa pili wa sufuria. Tulisugua pamoja. Ana mikono mizuri, ni kweli. Bado inaniudhi.

Jumatano, 26 Machi

Nilimweleza Nuhaa kuhusu saa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo nyote wawili," alisema.

"Sisi wawili."

"Na mimi nilivaa bila kuangalia." Alifunga kamba za buti. "Twende basi. Leo ni Jumatano."

Nilimpeleka. Alishuka, akatembea mpaka kwa Basimah, akamnyooshea mkono kama wafanyavyo wazee wa msikitini. Basimah aliupokea kwa mikono miwili. Kisha Nuhaa akamwuliza nani alikuwa anamwaga ndoo zake siku zote hizi, na mbona ndoo ya ule mti wa nne haijafunikwa. Niliwatazama kutoka langoni. Kile kitu kifuani kilirudi, kile cha zamani ambacho Hanif alikiita husuda, si furaha.

Ijumaa, 28 Machi

Nimempigia Zubaydah kumwambia sitaanzisha darasa. Amesema yeye hakuwahi kusema tumwache Basimah, nilimwelewa vibaya.

Jumapili, 30 Machi

Idi. Hanif amenunua pai mbili za maharage. Moja ameipeleka shambani mwenyewe, kabla ya ile ya nyumbani kukatwa. Mimi ndiye niliyemkumbusha.

Jumanne, 1 Aprili

Mashauriano yamefanyika leo baada ya isha, mezani, sote watatu. Hanif alifungua kwa Fatiha, akamwuliza Nuhaa kama bado anataka alichokitaka Februari.

"Nataka," Nuhaa alisema. "Nimefikiria nisitake, nimeshindwa."

"Sababu?"

"Shangazi akikosea, unaona alipokosea. Wewe mama hukosei, kwa hiyo sijui unafanyaje."

Hanif alinitazama akingoja nijitetee. Nilikuwa na majibu matatu, yote mazuri. La kwanza lilikuwa saa ya mkononi, kosa langu mwenyewe. Nuhaa alijua ninalo, na alikuwa ameshaliweka pembeni.

Nimesema aende. Hesabu, sayansi na mengine yote kwa Basimah mpaka mwisho wa Juni, kisha tutatazama. Kurani na uandishi ni kwangu, jioni. Hanif aliuliza kama nina uhakika. Nimemwambia sina, lakini nimeamua, na hivyo ni vitu viwili.

Alhamisi, tarehe 3, Basimah na Nuhaa wanalipa ile siku. Mimi sidaiwi, ila nitafunga nao.

Baada ya mashauriano Basimah alituma ujumbe. Miti imeanza kuchipua, kugema kumekwisha, na somo la kwanza la muhula ni kuosha ndoo. Chini ameongeza: "Wifi, njoo na glavu zako."

Nuhaa aliusoma juu ya bega langu. "Uje," alisema. "Lakini mama, usitufundishe."

Nimejibu kwamba nitafika. Jumatatu, tarehe 7 Aprili, saa tatu asubuhi.